Maji ya moto kuganda kwanza: swali la Mpemba bado liko maabara

Wanafunzi wapya wa fizikia wakifika maabara, wengi huwa wameshasikia habari za Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Sekondari ya Magamba, Lushoto, aliweka maziwa yenye sukari kwenye friza yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambaye hakuyachemsha. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza sababu Dk. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyekwenda kuzungumza na wanafunzi.

Kisa hiki husimuliwa sana. Kazi iliyofuata husahaulika, na ndiyo ninayoithamini zaidi. Osborne alirudi Dar es Salaam akamwomba fundi wa maabara ajaribu. Wakatumia bika (vyombo vya kioo vya maabara) za mililita 100, kila moja ikiwa na mililita 70 za maji, zikakaa juu ya foamu ili joto lisipotee kupitia chini. Maji yaliyoanza na nyuzi 25 yalichelewa kuliko yote kuanza kuganda; yaliyoanza na nyuzi 90 yaliyatangulia kwa mbali. Waliangalia kama mvuke uliopotea ndio sababu, wakaona ni mdogo mno. Walipotandaza mafuta kidogo juu ya maji, kuganda kulichelewa sana, dalili kwamba joto lilikuwa likipotea zaidi kupitia usoni pa maji. Mpemba na Osborne walichapisha matokeo hayo pamoja mwaka 1969.

Je, jambo limeisha? Hapana. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, huko Uingereza, walipima muda wa maji kufika nyuzi 0, na hawakupata ushahidi wa kuridhisha kwamba ya moto hutangulia. Walionyesha pia kwamba kupandisha au kushusha kipimajoto sentimita moja tu kunaweza kuleta jibu la uongo. Lakini kufika nyuzi 0 si kuganda: maji yanaweza kushuka chini ya hapo yakabaki maji, na nyuzi ambazo hatimaye yanaganda hubadilika kila jaribio. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya ubishi inatoka hapo, kwa kuwa watu hupima vitu viwili tofauti. Halafu mwaka 2020, nchini Kanada, Avinash Kumar na John Bechhoefer walitumia chembe ndogo mno ndani ya maji, wakaisukuma kwa leza, na wakaonyesha wazi kwamba mfumo ulioanza na joto kubwa unaweza kupoa upesi zaidi. Hiyo ni chembe, si bika ya maji, kwa hiyo swali la friza bado lina wateja.

Shule yenye friza na kipimajoto inaweza kuingia kazini. Andikeni kwanza mnachopima: barafu ya kwanza kuonekana, au maji yote kuganda. Chemsheni maji yote, kisha acheni nusu yapoe, ili hewa iliyoyeyuka ndani isiwe na tofauti kubwa. Rudieni mara nyingi mkibadilishana nafasi za vyombo, maana pembe za friza hazipoi sawa. Na muondoe kabisa barafu iliyoota kwenye sakafu ya friza, kwa sababu chombo cha moto huiyeyusha, kikagusa chuma na kupoa haraka kuliko kile kilichokalia barafu.