Kujifunza kwa Simu: Ujumbe Peke Yake Hautoshi

Shule zinapofungwa, au mtoto anapougua na kukaa nyumbani wiki kadhaa, walimu wengi siku hizi hukimbilia kundi la WhatsApp la wazazi na kutuma kazi humo: picha za kurasa za kitabu, mitihani ya miaka iliyopita, na pengine video moja au mbili. Nia ni njema, na mzazi anayepokea kazi hizo hufarijika kuona kwamba shule haijamsahau mwanawe. Hata hivyo, utafiti uliofanyika barani Afrika unaonyesha kwamba swali kufika kwenye simu hakuna maana kwamba mtoto amejifunza, na kwamba mara nyingi kinachokosekana hapo katikati ni mtu wa kumsikiliza mtoto huyo anapojaribu kulijibu.

Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka Botswana. Shule za huko zilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, shirika lililokuwa likiitwa Young 1ove, ambalo leo ni Youth Impact, lilishirikiana na watafiti, akiwamo Noam Angrist, kuzigawa kwa bahati nasibu familia zipatazo 4,500 zenye watoto wa darasa la tatu hadi la tano. Kundi moja lilipokea kila wiki ujumbe mfupi wenye maswali ya hesabu za msingi. Kundi jingine lilipokea ujumbe huohuo na kupigiwa simu mara moja kwa wiki, kwa dakika 15 hadi 20. Kundi la tatu halikupata huduma hiyo, ili liwe la kulinganishia. Hapakuhitajika simujanja wala bando, kwa kuwa kiswaswadu kinatosha kwa yote mawili. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba watoto waliopigiwa simu walisonga mbele katika hesabu, ilhali kwa wale waliotumiwa ujumbe tu, tofauti iliyoonekana ilikuwa ndogo kiasi cha kutoweza kuthibitisha kwamba ujumbe ulisaidia.

Inafaa tuyatazame kwa karibu mazungumzo ya namna hiyo, maana humo ndimo ufundishaji ulimo. Mwalimu humpigia mzazi, humwomba amwite mtoto na kuweka simu kwenye spika, kisha wote watatu hulirudia swali la wiki. Tuseme ni 34 kujumlisha 28, na mtoto anajibu 52. Mwalimu makini haishii kusema kwamba jibu si sahihi, bali humuuliza amelipataje. Mtoto akieleza kwamba 4 na 8 ni 12, akaandika 2, kisha 3 na 2 ni 5, mwalimu hutambua papo hapo kwamba kujumlisha mtoto anakujua, ila ile 1 ya makumi imeachwa njiani, na dakika zilizobaki atazitumia kwenye kosa hilo moja. Ujumbe mfupi hauna njia ya kuligundua. Mzazi naye, hata kama hakusema neno, amesikia kwa masikio yake mwanawe anakwamia wapi. Na kweli watafiti waliona kwamba wazazi walizirekebisha fikra zao kuhusu kiwango cha watoto wao kadiri watoto walivyosonga mbele.

Mpango huo ulijaribiwa tena katika nchi tano, yaani India, Kenya, Nepal, Ufilipino na Uganda, kwa zaidi ya wanafunzi 16,000, na katika mazingira hayo yote yanayotofautiana sana simu ziliendelea kuleta faida. Kwa walimu wetu, jambo la kutia moyo zaidi ni kwamba walimu wa serikali waliopiga simu walifanya vizuri sawa na wakufunzi wa mashirika.

Simu ilikuwa imekwisha kuingia katika elimu ya watu wazima miaka kadhaa kabla ya hapo. Nchini Niger, kuanzia mwaka 2009, vijiji 113 viliendesha madarasa ya kisomo kwa Kihausa na Kizarma, na katika baadhi ya vijiji hivyo wanafunzi walifundishwa pia kutumia simu za kawaida: kuzitambua namba na herufi kwenye vibonye, kupiga, na kutuma ujumbe. Waliopata somo hilo la ziada waliwapita wenzao katika mitihani ya kuandika na ya hesabu, na katika hesabu tofauti hiyo ilikuwa bado ipo miezi kadhaa baada ya madarasa kumalizika. Kutuma ujumbe kulikuwa nafuu kuliko kupiga, kwa hiyo mtu alikuwa na sababu ya kuandika hata nje ya darasa. Ninaona hapo lipo jambo ambalo programu nyingi za kujifunzia husahau, kwamba mazoezi hudumu pale yanapomfaa mtu katika shughuli zake mwenyewe.

Kuhusu vishikwambi, tunao mfano wa nyumbani. Shindano la kimataifa la XPRIZE lilipeleka vishikwambi kwa watoto wapatao 3,000 katika vijiji 170 vya Mkoa wa Tanga, vikiwa na programu za kufundisha kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, na vituo vya kuchajia vya nishati ya jua. Zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili mwanzoni. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu, na mwaka 2019 timu mbili zilizotengeneza programu hizo, onebillion na Kitkit School, zilitangazwa washindi wa pamoja. Kwa watoto ambao wengi wao hawakuwahi kukanyaga darasani, hayo ni mafanikio makubwa. Lakini nusu nyingine walibaki bila kuweza kusoma neno, na ndiyo maana simshauri mtu yeyote akitazame kishikwambi kama mbadala wa mwalimu.

Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 viligawiwa walimu nchini Tanzania, na kimojawapo kinaweza kufanya kazi ndogo yenye faida kubwa: kutunza orodha ya wanafunzi, kosa alilokwamia kila mmoja, na siku aliyopigiwa. Mjadala wa wanafunzi kuja na simu shuleni hauhusiki hapa, kwa kuwa simu tunayoizungumzia ni ya mzazi, nayo huondoka naye asubuhi. Simu ya saa nne asubuhi humkuta baba sokoni au shambani, mtoto akiwa mbali naye, hivyo ni muhimu kukubaliana mapema na kila familia saa ya kupiga.

Kuna pia suala la gharama. Shule inayotenga fedha za chaki na karatasi inaweza kutenga na za vocha, badala ya kumwachia mwalimu atumie salio lake. Mwenye darasa la watoto 80 hawezi kuwapigia wote, kwa hiyo aanze na wale walioachwa nyuma zaidi. Watoto 10 kwa dakika 20 kila mmoja ni saa tatu na dakika 20 kwa wiki, na muda huo sharti uhesabiwe kama vipindi katika ratiba yake.