Filamu Yenye Utata Ilipita Mlango Gani?

Filamu ikizua zogo, kilio cha kwanza huwa kimoja: ipigwe marufuku. Huo ni mlango wa mwisho. Kabla yake kuna aliyesoma muswada, aliyetoa fedha, aliyechagua waigizaji, aliyehariri na aliyenunua haki za kuisambaza. Kila mmoja angeweza kukataa. Filamu ikitufikia, ina maana hakuna aliyekataa, au aliyekataa hakusikilizwa.

Madaraja ya umri hayazibi pengo hilo. Bodi ya ukaguzi wa filamu hupewa filamu iliyokwisha kamilika, ikapima lugha, ukatili, ngono na dawa za kulevya, kisha ikaamua nani aitazame. Hapo anayelindwa ni mtazamaji. Mtoto aliyechezeshwa tukio la aibu hapati nafuu yoyote kwa alama ya 18. Kama aliumia, aliumia siku ya kupiga picha.

Uingereza ina sheria ya mwaka 1937 inayokataza kuonyesha tukio lililopangwa kwa kumtesa mnyama kikweli, hivyo mkaguzi hulazimika kuuliza picha ilipatikanaje. Swali hilo lina uzito. Baada ya filamu ya kutisha Cannibal Holocaust (1980), mwongozaji wake, Ruggero Deodato, alitakiwa nchini Italia kuthibitisha kwamba waigizaji wake hawakuuawa. Walikuwa hai. Waliouawa kweli mbele ya kamera ni wanyama.

Kwa mtoto, kinga ya kweli huanza kwenye muswada. Mzazi asome kila tukio na aridhie moja moja, kwa maandishi. Tukio likibadilishwa, ridhaa ya awali imekwisha. Hapa ndipo wengi huteleza, kwa kuwa sahihi huwekwa mara moja tu na muswada huandikwa upya kila wiki. Tukio zito lipigwe vipande vipande: mtoto peke yake, watu wazima peke yao, mhariri aunganishe baadaye. Awepo pia msimamizi wa ustawi mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi. Akiwa ni mwajiriwa wa mtayarishaji anayehesabu gharama za siku, usitegemee atathubutu.

Bango nalo ni mlango, tena husahaulika. Mwaka 2020 Netflix iliomba radhi kwa bango la filamu ya Kifaransa kuhusu wasichana wadogo, ikikiri kwamba haikuiwakilisha filamu yenyewe.

Ukilalamika, taja dakika ya tukio na kinachoonekana, kisha peleka kwa mhusika: bango kwa msambazaji, daraja kwa bodi, namna mtoto alivyotendewa kwa mamlaka ya ulinzi wa watoto. Usiambatishe wala kusambaza kipande chenye mtoto huyo, hata kwa nia ya kukilaani.