Je, wajua kwa nini mzaha wa vyama haukai kitabuni Nairobi?

Katikati ya jiji la Nairobi, wachuuzi wa vitabu vya mitumba hutandaza bidhaa yao juu ya gunia kando ya njia: riwaya zilizochakaa, vitabu vya dini, vya kutafuta utajiri, vya mitihani. Hapo nilinunua, kwa bei isiyozidi nauli, kitabu cha Mmarekani mmoja aliyekejeli chama asichokipenda tangu jalada hadi ukurasa wa mwisho. Nilikisoma kwenye matatu hadi Kangemi. Lugha niliielewa, majina mengi niliyajua, ila sikucheka hata mara moja. Nikawa najiuliza waliokinunua huko kwao walichekea nini.

Mwanafalsafa Mfaransa Henri Bergson aligusa jambo hili mwaka 1900. Anasimulia habari ya mtu aliyekuwa kanisani siku ambayo mahubiri yaliwaliza waumini wote isipokuwa yeye. Alipoulizwa mbona halii, alijibu kwamba yeye si wa parokia ile. Bergson akasema jibu hilo lafaa zaidi kwa kicheko kuliko kwa machozi, maana kicheko daima ni cha kundi.

Sisi tuna neno utani, na watani tunawajua. Mtani wako aweza kuja msibani akakuchekesha ukiwa na kilio kooni, wala humkasirikii, kwa kuwa kuna udugu kati yenu na kesho zamu ni yako. Kitabu cha mzaha wa chama hakiko hivyo. Anayechekwa hayupo barazani. Ni watu wa boma moja wanaomcheka jirani aliye ng'ambo ya ua, na kila mmoja anacheka kwa sauti ili wenzake wajue yuko upande gani.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ninaoujua ni wa mwaka 2017. Michael Knowles, mhafidhina wa Marekani, alitoa kitabu kilichodai kueleza sababu za kukipigia kura chama cha Democratic. Kina kurasa zaidi ya 260, zenye vichwa vya sura na orodha ya marejeo, lakini kurasa zenyewe ni nyeupe tupu. Kilipanda hadi nafasi ya kwanza kwa mauzo katika Amazon, duka kubwa la mtandaoni. Hakuna aliyekinunua ili asome. Alikinunua akiweke mezani sebuleni, au ampe shemeji wa chama kile siku ya Krismasi. Kitabu hapo ni kama fulana ya kampeni.

Upande wa pili nao haukulala. Mwaka 2003 mchekeshaji Al Franken, mtu wa Democratic, alitoa kitabu cha kuwakejeli watangazaji wa kihafidhina. Fox News, kituo cha televisheni cha kihafidhina, ikamshtaki kwa kutumia maneno ya kaulimbiu yake kwenye jalada. Jaji Denny Chin aliyakataa madai hayo, kampuni ikaondoa kesi, na kelele zile zote zikakiuza kitabu. Kwa msomaji wa Franken, hasira ya Fox ilikuwa sehemu ya utamu aliolipia.

Miaka hiyohiyo mtafiti Valdis Krebs alichora ramani ya vitabu vya siasa akifuata orodha za Amazon zinazoonyesha mnunuzi wa kitabu fulani alinunua nini kingine. Yalijitokeza mafungu mawili makubwa, na vitabu vya kuyaunganisha vilikuwa vichache mno. Na mwaka 2009 watafiti waliwaonyesha watu 332 kipindi cha televisheni cha mchekeshaji Stephen Colbert, aliyekuwa akiigiza mhafidhina ili kuwabeza wahafidhina. Wote walimwona anachekesha. Lakini wahafidhina walielekea zaidi kuamini kwamba anajifanya tu kutania, na moyoni anasema anachokiamini. Mzaha mmoja, ila kila msikilizaji alitoka nao akiwa amethibitishiwa imani yake.

Sasa turudi nyumbani. Kicheko cha upande mmoja si kigeni kwetu. Mshairi Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki 1840, alitunga mashairi ya kuwatetea Wamazrui, watawala wa mji huo, na kuwabeza mahasimu wao wa Lamu na Unguja, na Lamu nako Zahidi Mngumi akatunga yake. Kilichowasaidia ni kwamba mahasimu wale walibaki kila mmoja upande wake muda wa kutosha shairi lifike.

Nairobi adui hakai. Mwaka 2002 Raila Odinga alimuunga mkono Mwai Kibaki dhidi ya Uhuru Kenyatta, na William Ruto alikuwa na Uhuru. Kwenye kura ya maoni ya katiba ya 2005 Raila, Uhuru na Ruto walikuwa pamoja upande wa chungwa, alama ya kura ya hapana, Kibaki akiwa kwenye ndizi, alama ya ndiyo. Mwaka 2007 Ruto alikuwa na Raila, naye Uhuru alikuwa na Kibaki. Mwaka 2013 Uhuru na Ruto wakawa kitu kimoja. Machi 2018 Uhuru akapeana mkono na Raila, na Machi 2025 Raila akatia saini mapatano na Ruto. Kitabu huandikwa, huhaririwa, hupigwa chapa, husambazwa. Kabla hakijafika dukani, msomaji uliyemwandikia amcheke jirani ameshaambiwa jirani ni ndugu. Democratic na Republican wamekabiliana tangu miaka ya 1850, na hapo mchapishaji aweza kuweka fedha yake akiwa na hakika ya soko. Kwetu ingekuwa kamari.

Ndiyo maana, naamini, vitabu vyetu vya kuchekesha vilivyodumu vinacheka tabia. Mwandishi Mkenya Wahome Mutahi, aliyekamatwa 1986 akazuiliwa Nyayo House, jengo la serikali walimoteswa wapinzani, kisha akafungwa, alitoa How to Be a Kenyan mwaka 1996, na mchekwa humo ni Mkenya yeyote: yule wa baa, wa harambee, wa foleni. Mchora vibonzo Gado naye amekusanya vibonzo vyake vitabuni, na humo hakuna chama kilichosalimika.

Mutahi huyohuyo alikuwa na mzaha wa upande mmoja, ila hakuupeleka dukani. Aliuweka kwenye tamthilia za Kikuyu zilizochezwa kwenye baa. Mojawapo, Mugaathe Mubogothi, jina linalokaribia Mheshimiwa Mpayukaji, ilimhusu mtawala aliyepagawa, wakati wa utawala wa Moi. Watu walikuja na bia zao, wakaketi, taa zikawaka, na hakuna aliyehitaji kuelezwa mheshimiwa huyo ni nani.