Si kweli kwamba aliye chini ya miaka 50 hawezi kuishi Thailand kihalali

Ujumbe huu umezunguka miaka mingi kwenye magrupu: eti Thailand haimpi mgeni wa chini ya miaka 50 viza ya muda mrefu, kwa hiyo ingia kama mtalii, siku zikiisha vuka mpaka, gongewa muhuri, rudi.

Hiyo 50 ipo kweli, ndiyo maana watu huchanganyikiwa. Lakini ni umri wa chini wa viza ya wastaafu tu. Mwenye miaka 30 anaweza kuomba viza ya kazi akiwa na mwajiri (kibali cha kazi ni hati nyingine), ya masomo, au ya aliyeoa ama kuolewa na raia wa huko. Tangu 2024 ipo pia viza iitwayo DTV (Destination Thailand Visa), inayowafaa wanaofanyia kazi mtandaoni waajiri wa nje: hudumu miaka 5, siku 180 kila unapoingia, umri kuanzia 20, na akiba ya baht (fedha ya Thailand) 500,000. Si hela ndogo, nakubali.

Ushauri wa kuvuka mpaka ndio unaoponza watu. Msamaha wa viza, yaani kuruhusiwa kuingia bila viza, hauhusu pasipoti zote, na ofisa wa mpakani anaweza kukurudisha. Ukizidisha siku, faini ni baht 500 kwa siku, hadi 20,000.

Kuhakikisha ni rahisi: fungua tovuti ya ubalozi wa Thailand unaokuhudumia, usome sharti la umri chini ya kila aina ya viza. Ujumbe ule ukikufikia tena, usiusambaze.