Kodi ya kaboni: maana yake, na jinsi inavyohama chama

Kodi ya kaboni ni malipo yanayotozwa kwa kila tani ya hewa ukaa inayotokana na kuchoma makaa ya mawe, mafuta au gesi. Hakuna ofisa anayesimama kwenye bomba la moshi na mizani mkononi. Kinachopimwa ni mafuta yenyewe kabla hayajachomwa, kwa sababu lita moja ya petroli hutoa kilo mbili na kitu za hewa ukaa popote itakapoungulia, iwe kwenye gari la waziri au kwenye mashine ya kukatia majani. Basi anayetozwa kwanza huwa ni mzalishaji au msambazaji wa mafuta, naye huisukuma gharama hiyo chini mpaka imfikie aliyeshika mpira wa pampu.

Tuchukue Kanada. Aprili 2024 kiwango kilipanda hadi dola 80 za nchi hiyo kwa tani, yaani senti 8 kwa kilo. Kwa lita ya petroli ikawa senti 17.6 hivi. Aliyejaza tangi la lita 50 aliacha kituoni karibu dola 9 kwa ajili ya kaboni peke yake. Dola 9 hizo tutazirudia.

Wazo lenyewe lina zaidi ya miaka mia. Mwaka 1920 mwanauchumi wa Cambridge, Arthur Pigou, alieleza kwamba shughuli ikiwaumiza watu wasiohusika nayo, dawa ni kuitoza kodi inayolingana na madhara yake. Mwenye kiwanda akiulipia moshi kama anavyolipia umeme na mishahara, ataanza mwenyewe kutafuta namna ya kuupunguza. Serikali haimchagulii mtambo wala haimwamuru azime tanuri. Inaweka bei, yeye anapiga hesabu zake. Ndiyo maana waliolipenda zaidi wazo hili, tangu zamani, ni wale wanaoamini soko. Januari 2019 maelfu ya wanauchumi wa Marekani walitia saini tamko la kuitaka kodi hii, wakiwemo washindi 27 wa Nobel na wenyeviti wote wa zamani wa benki kuu ya nchi hiyo waliokuwa hai wakati huo. Miaka miwili kabla, wazee wa chama cha Republican, cha mrengo wa kulia, James Baker na George Shultz, walikuwa wamependekeza kodi ya dola 40 kwa tani, fedha zote zirudishwe kwa wananchi.

Kodi hii ina ndugu yake, naye huchanganywa nayo kila siku: biashara ya vibali. Hapo serikali haiweki bei, inaweka kikomo cha tani. Inatoa vibali vinavyotosha kikomo hicho tu, na makampuni yanauziana. Aliyepunguza moshi anamuuzia aliyeshindwa. Kwenye kodi unajua bei lakini hujui tani zitapungua kiasi gani. Kwenye vibali unajua tani, bei ndiyo inapanda na kushuka. Kwa mwanauchumi hiyo ni tofauti kubwa. Kwa mwanasiasa wa upinzani aliye jukwaani ni kodi zote mbili, na ukimrekebisha atakushukuru kwa kumpa nafasi ya kulitamka neno hilo mara ya tatu.

Anayefuatilia siasa za Magharibi kwa mbali hudhani mgawanyo uko wazi: mrengo wa kushoto unaitaka kodi ya kaboni, wa kulia unaipinga. Historia inakataa. Marekani ilipotunga sheria ya mvua ya asidi mwaka 1990, ikitumia vibali vya kuuziana kwa gesi ya salfa, aliyeitia saini alikuwa George H. W. Bush, Mrepublican. Mwaka 2008 John McCain, mgombea urais wa chama hicho hicho, alinadi vibali vya hewa ukaa kwenye kampeni zake. Mwaka mmoja baadaye Baraza la Wawakilishi lilipopitisha muswada wa namna hiyo kwa kura 219 dhidi ya 212, Warepublican waliouunga mkono walikuwa 8 tu, na Seneti haikuupigia kura kabisa. Bob Inglis, mbunge wa Republican kutoka South Carolina, alipendekeza kodi ya kaboni itakayofidiwa kwa kupunguza makato ya mishahara. Juni 2010 wanachama wenzake walimwangusha vibaya kwenye kura za maoni za chama.

Upande wa pili nao si watakatifu. Mwaka 2016 jimbo la Washington lilipigia kura pendekezo la kodi ya kaboni ambayo fedha zake zingerudi kwa wananchi kwa kupunguziwa kodi nyingine. Baadhi ya makundi ya mazingira, pamoja na chama cha Democratic cha jimbo hilo, walilikataa. Walitaka fedha ziende kwenye miradi. Likaanguka.

British Columbia, jimbo la Kanada, ndiyo hadithi ninayoipenda zaidi. Aliyeleta kodi ya kaboni huko, Julai 2008, alikuwa Gordon Campbell, kiongozi wa chama kinachoitwa Liberal lakini kwa jimbo lile ndicho kilichokuwa cha wafanyabiashara, mrengo wa kulia wa kati. Ilianza kwa dola 10 kwa tani, na kodi ya mapato ikapunguzwa kufidia. Aliyeipinga? Chama cha NDP, cha kushoto, chenye mizizi kwenye vyama vya wafanyakazi, kikapita mitaani na kaulimbiu ya kuipiga shoka. Campbell akashinda uchaguzi wa 2009 hata hivyo. NDP waliposhika serikali mwaka 2017 waliipandisha kodi ile ile waliyotaka kuikata. Lile shoka likahamia mikono ya wahafidhina.

Sasa twende Australia, maana ndiko neno lenyewe lilikofanya kazi kubwa kuliko sera. Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa, masikio yake yanajua kwamba kodi, tozo, ada na bei si kitu kimoja hata kama pesa inatoka mfuko ule ule. Kodi unanyang'anywa. Ada unalipia huduma. Bei unakubaliana nayo, au huna budi. Siasa yote ya jambo hili imekaa hapo.

Kevin Rudd wa chama cha Labor, cha mrengo wa kushoto, alichaguliwa waziri mkuu mwaka 2007 akiyaita mabadiliko ya tabianchi changamoto kuu ya kimaadili ya kizazi chake. Alileta muswada wa vibali. Kiongozi wa upinzani, Malcolm Turnbull, alikubali kumuunga mkono, na chama chake kikamng'oa Desemba 2009 kwa tofauti ya kura moja, 42 kwa 41, kikamweka Tony Abbott. Siku iliyofuata muswada ukaangushwa Seneti, na katika walioukataa walikuwemo chama cha Kijani, cha wanamazingira, waliosema hautoshi. Wahafidhina waliouona umezidi na Wakijani waliouona umepungua walipiga kura moja.

Julia Gillard akachukua nafasi ya Rudd. Tarehe 16 Agosti 2010, siku tano kabla ya uchaguzi, alisema kwenye televisheni kwamba hakutakuwa na kodi ya kaboni chini ya serikali atakayoiongoza. Uchaguzi haukutoa mshindi wa wazi, akahitaji kura za Kijani na wabunge huru ili aongoze. Mwanzoni mwa 2011 akatangaza mpango: miaka kadhaa ya bei iliyopangwa na serikali kwa tani, kisha soko la vibali. Alipoulizwa kama hiyo ni kodi, hakubishana. Alikubali neno litumike. Nadhani hakuna sentensi iliyomgharimu zaidi katika maisha yake ya siasa. Kuanzia hapo hakuna aliyejadili tani. Kilichojadiliwa ni uongo wa waziri mkuu, na Abbott alihutubia mkutano akiwa amesimama mbele ya mabango yaliyomwita Gillard mchawi.

Kodi, au bei, ilianza Julai 2012 kwa dola 23 za Australia kwa tani, na ilitozwa wachafuzi wakubwa tu. Wananchi walifidiwa: kiwango cha mapato kisichotozwa kodi kilipandishwa kutoka dola 6,000 hadi 18,200 kwa mwaka, siku hiyo hiyo. Ni nafuu kubwa, lakini iliingia kimya kwenye mshahara, wakati bili ya umeme ilikuja na bahasha yake. Abbott alishinda Septemba 2013 na kuifuta Julai 2014. Zile dola 18,200 hakuzigusa, zikabaki. Februari 2017 Peta Credlin, aliyekuwa mkuu wa ofisi ya Abbott, alisema hadharani kwamba haikuwa kodi ya kaboni. Wao ndio walioigeuza ikawa, ili ugomvi uwe wa mfuko wa mwananchi na si wa mazingira.

Mwezi huo huo Scott Morrison, waziri wa hazina, aliingia bungeni na bonge la makaa ya mawe, akaliinua na kuwaambia wapinzani wasiogope. Seneta James Inhofe wa Oklahoma, Marekani, alikuwa ameshamtangulia Februari 2015 kwa kutoa donge la theluji kwenye mfuko wa plastiki na kulirusha ndani ya Seneti, ati kuna baridi nje. Picha kama hizo ndizo zinazosambaa, na zinamfanya mtazamaji aamini kwamba ugomvi ni kati ya wanaokubali sayansi na wanaoikana. Wapo wanaoikana, ndiyo. Ila serikali zilizoangushwa na kodi hii hazikuangushwa kwa donge la theluji.

Hoja za wapinzani zenye uzito ni za aina nyingine. Mtu anayeishi mbali na mjini, asiyepitiwa na basi, hana njia mbadala ya kuendea kazini. Kwake bei haibadilishi tabia, inamwadhibu tu. Kiwanda cha saruji kinaweza kuhamia nchi isiyotoza, moshi ukabaki ule ule na ajira zikaenda. Wanaoitetea wana jibu kwa la kwanza, nalo ni zuri kwenye karatasi: zirudishe fedha kwa usawa kwa kila kaya. Tajiri huchoma mafuta mengi zaidi, hivyo huchangia zaidi, na kaya ya kipato cha chini hurudishiwa kuliko ilicholipa. La pili ni gumu zaidi, na ndilo linalozifanya nchi zianze kutoza bidhaa za nje zinapovuka mpaka.

Kanada ilifuata karatasi hiyo kwa uaminifu. Kuanzia 2019, katika majimbo yaliyokuwa chini ya mfumo wa serikali kuu, karibu asilimia 90 ya makusanyo ya mafuta ilirudishwa kwa kaya. Mahakama ya Juu mwaka 2021 ilisema kisheria hii hata si kodi, ni tozo ya kudhibiti tabia. Hakuna aliyeacha kuiita kodi.

Ontario ilikwenda mbali zaidi. Serikali ya kihafidhina ya jimbo hilo iliamuru kila kituo cha mafuta kibandike stika kwenye pampu kuonyesha ni senti ngapi za lita zinakwenda kwenye kodi ya kaboni. Stika hazikutaja marejesho hata kwa neno moja. Gundi yake ilikuwa mbovu, nyingi zilijibandua, na mwaka 2020 jaji aliifuta amri hiyo kwa kuwa inawalazimisha wenye vituo kusema maneno ya wanasiasa. Lakini ujumbe ulishafika: dola 9 zinaonekana kila unapojaza tangi. Marejesho mwanzoni yaliingia ndani ya hesabu za kodi za mwaka, baadaye yakawa yanaingia benki kila miezi mitatu kwa jina refu la kiofisi ambalo wengi hawakujua linahusu nini. Serikali ilibadilisha jina hilo liwe na neno kaboni Februari 2024, miaka mitano baadaye. Kufikia hapo Pierre Poilievre, kiongozi wa wahafidhina, alikuwa ameshaifanya kaulimbiu ya shoka kuwa salamu yake.

Aliyeshusha shoka hakuwa yeye. Mark Carney, wa chama kile kile kilichoileta kodi ya serikali kuu, gavana wa zamani wa benki kuu za Kanada na Uingereza, aliyewahi kuwa mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa wa fedha za tabianchi, aliapishwa kuwa waziri mkuu tarehe 14 Machi 2025, na siku hiyo hiyo akatia saini mbele ya kamera karatasi ya kuiondoa kodi kwa watumiaji wa kawaida kuanzia Aprili mosi. British Columbia, chini ya NDP, ikaifuta ya kwake siku hiyo hiyo ya Aprili. Marejesho ya mwisho yaliingia kwenye akaunti tarehe 22 Aprili, wakati pampu zimeshaacha kutoza. Siku sita baadaye Carney alishinda uchaguzi, na Poilievre akapoteza hata kiti chake cha ubunge. Kodi ya kaboni kwa viwanda vikubwa, ile isiyobandikwa kwenye pampu yoyote, Carney aliiacha iendelee.