Kung'arisha vito laini kwa mkono: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kwenye kipimo cha Mohs, kinachopanga ugumu wa madini kutoka 1 hadi 10, kito chochote chenye ugumu chini ya 7 huhesabika kuwa laini kwa kazi ya mkono. Kalisaiti ina 3, malakaiti 3.5 hadi 4, floraiti 4, apataiti 5, feruzi 5 hadi 6, opali 5.5 hadi 6.5. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini jiwe la kundi hili linalojulikana zaidi ni lile la mistari ya maziwa na asali kutoka bonde la Songwe, magharibi mwa jiji la Mbeya. Liliwekwa hapo na chemchemi za maji moto, tabaka juu ya tabaka, na karibu lote ni kalisaiti.

Ushauri mwingi mbaya juu ya mawe haya una chanzo kimoja. Watu hudhani mkwaruzo ni kitu kilichobandikwa juu ya jiwe, hivyo lazima iwepo dawa ya kukiondoa. Mkwaruzo ni mfereji. Sehemu ya jiwe imekwisha kuondoka na hairudi. Kazi yetu ni kuushusha uso wote wa jiwe hadi ulingane na sakafu ya mfereji, kisha kuulainisha uso mpya.

"Paka mafuta au nta, mkwaruzo utapotea."

Utafichika. Mafuta hujaza mfereji na kuzuia mwanga usitawanyike kwenye kingo zake, kwa hiyo jicho halioni kitu. Yakikauka au jiwe likioshwa kwa sabuni, mkwaruzo uko palepale. Kwa feruzi, madhara ni makubwa zaidi: jiwe hili lina vinyweleo, hunywa mafuta na rangi yake ya samawati inaweza kugeuka kijani na isirudi. Anayenunua aoshe jiwe kwa maji ya sabuni na alikaushe kabla ya kukubaliana bei. Floraiti, kalisaiti na malakaiti hazidhuriki kwa kuoshwa hivyo.

"Dawa ya meno inatosha."

Ina chembe za kusugua, hilo ni kweli, na kwenye jiwe lililofifia kidogo inaweza kurudisha mng'ao. Lakini chembe zake zimetengenezwa zisiharibu meno, na jino lenyewe lina ugumu wa takriban 5. Haziwezi kushusha uso wa jiwe hadi kwenye mfereji. Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Ukucha ukinasa, acha dawa ya meno, chukua msasa.

"Anza na msasa laini kabisa ili usiharibu."

Hapa ndipo muda na msasa mwingi hupotea. Namba ya msasa ikipanda, chembe huwa ndogo zaidi: wa P2000 una chembe za takriban mikroni 10, yaani sehemu moja ya mia ya milimita. Ukiuanzia mkwaruzo unaonasa ukucha utasugua jioni nzima, na utapata jiwe linalong'aa likiwa na mkwaruzo wake. Kina cha mkwaruzo ndicho kinachoamua pa kuanzia. Unaonasa ukucha vizuri: P320 au P400. Unaoonekana ila haunasi: P800. Ukungu tu usio na mistari: nenda kwenye P2000 au unga wa kung'arishia.

Nunua msasa wa maji, ule mweusi wanaotumia mafundi rangi wa magari. Msasa wa mbao huachia karatasi na chembe ukilowa. Angalia herufi P nyuma ya karatasi, maana vipimo viko vya aina mbili: msasa wa 600 wa kipimo cha Kimarekani, usio na P, una ulaini unaokaribia P1200. Ukichanganya bila kujua, utaruka hatua au utarudi nyuma.

Laza karatasi juu ya kipande cha kioo cha dirisha, kwani kioo kimenyooka na ubao haujanyooka. Maji nusu lita, matone mawili ya sabuni ya vyombo. Chora uso wa jiwe kwa penseli, kisha sugua kuelekea upande mmoja tu. Penseli ikifutika katikati na kubaki pembeni, au kinyume chake, unajua mkono wako unaegemea wapi. Mistari yote ya zamani ikiisha, na ibaki ile ya msasa huu pekee, osha na uhamie namba inayofuata ukiwa umeligeuza jiwe robo mzunguko. Sasa mistari mipya inakata ile ya nyuma, na ukiona hata mmoja wa upande wa zamani, hatua haijaisha. Mfuatano unaofaa ni P400, P800, P1200, P2000. Jiwe la Songwe lenye upana wa sentimita tatu huchukua kama dakika tano hadi kumi kwa kila hatua. Kama uso si bapa bali wa mviringo, weka sponji ngumu chini ya karatasi ili ifuate umbo.

Kosa kubwa la hatua hii ni uchafu. Chembe moja ya P400 ikibaki kwenye kitambaa, chini ya kucha au ndani ya tundu la jiwe, itachora mstari mmoja mrefu wakati uko P2000, nawe utalaumu msasa. Jiwe la Songwe lina matundu mengi madogo. Lisugue kwa mswaki mlaini chini ya maji yanayotiririka kila unapobadili namba, badili maji ya beseni na unawe mikono.

Mwisho wake ni unga. Kipande cha ngozi kilichogundishwa kwenye ubao, upande wa ndani ukiwa juu, kijiko kimoja cha chai cha oksaidi ya alumini au ya bati, vijiko viwili vya maji. Ngozi iwe na unyevu, isitote. Mng'ao huja pale ngozi inapoanza kulivuta jiwe; ukihisi joto, pumzisha. Oksaidi ya kromiamu, unga wa kijani, hufaa kwa malakaiti, ila isiguse jiwe jeupe lenye matundu kwa sababu rangi huingia na haitoki.

"Kandamiza, na usitumie maji, ndipo msasa unakata."

Msasa mkavu hujaa unga wa jiwe ndani ya muda mfupi na kuacha kukata. Anayekandamiza hupata mifereji mipya yenye kina kuliko ule aliokuja kuuondoa. Malakaiti husumbua zaidi kwa sababu mistari yake haina ugumu sawa: ukikandamiza, ile laini hushuka haraka na uso huwa na mawimbi ambayo unga hauyafuti. Shikilia jiwe kwa uzito wa vidole tu.

Kuna na mapafu. Unga wa malakaiti una shaba, na mawe ya jamii ya serpentini, yale ya kijani yenye utelezi, wakati mwingine huwa na nyuzi za asbesto. Haya yasisuguliwe makavu kamwe. Maji hushika vumbi. Futa meza kwa kitambaa kibichi kabla tope halijakauka, usifagie.

"Limao au siki hung'arisha."

Kalisaiti na malakaiti ni kaboneti. Asidi huzila, na povu unaloliona ni jiwe likiyeyuka. Uso hufifia na kuwa na vinyweleo. Wang'arishaji wa marumaru hutumia asidi ya oksaliki kidogo pamoja na unga wa oksaidi ya bati, lakini hiyo ni sumu na kazi ya mtu anayejua kuipima. Si ya jikoni. Tone la siki lina faida moja: weka kwenye unga kidogo uliokwanguliwa upande usioonekana. Ukitoa mapovu, una jiwe la ugumu wa 3 au 4, hata kama muuzaji amekuambia ni oniksi, ambayo ikiwa halisi ina ugumu wa karibu 7.

"Jiwe likiwa gumu halipasuki."

Ugumu ni kukataa kukwaruzwa. Kukataa kuvunjika ni jambo jingine. Topazi ina ugumu wa 8 na hupasuka bapa ikigongwa vibaya. Floraiti ina pande nne za mpasuko, kalisaiti tatu, na zote mbili huachia kipande pembeni ukigusa ukingo wa kioo. Punguza makali ya kingo kwa P800 kabla ya kuanza uso.

Joto nalo. Mwezi wa Juni na Julai, Njombe na Makete, mtu huanika jiwe karibu na jiko la mkaa ili likauke, au humwagia maji ya birika jiwe lililolala kwenye baridi. Floraiti na opali hupasuka kwa badiliko la namna hiyo. Tumia maji yenye joto la chumba, na jiwe likauke lenyewe kwenye kitambaa.

"Kufuta vumbi kwa kitambaa kikavu hakuna neno."

Vumbi la barabarani lina chembe za mchanga, na mchanga mwingi ni kwatzi, ugumu 7. Kila kito laini tulichokitaja mwanzoni kiko chini yake. Suuza kwanza, kisha futa. Hifadhi kila jiwe kwenye mfuko wake wa kitambaa, mbali na ametisti, kwani ametisti nayo ni kwatzi.

Na jiwe lililo kwenye pete lisisuguliwe na msasa likiwa humo. Chembe za fedha au shaba hupakaa uso kijivu, na ukingo wa chuma huzuia msasa usifike pembeni. Sonara alitoe kwanza.