Plastiki ya dirishani ni ya nchi za baridi, Dar tuzuie jua nje ya kioo

Joto la Desemba hadi Machi linapoanza kubana, swali hili hutufikia kutoka kwa wakazi wa jiji: ile plastiki ang'avu ambayo watu wa Ulaya na Marekani hubandika madirishani wakati wa baridi, je, tukiibandika huku haitazuia joto kuingia? Muulizaji ana hoja. Kama inazuia joto lisitoke, kwa nini isilizuie kuingia?

Kule, plastiki hubandikwa upande wa ndani, kwenye fremu, kwa gundi ya utepe yenye kunata pande mbili. Kisha hupulizwa kwa mashine ya kukaushia nywele mpaka ijikaze, mikunjo yote iishe. Kinachofanya kazi hasa ni hewa iliyonaswa kati ya plastiki na kioo, kwa kuwa hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida sana. Nyufa za fremu kuukuu nazo huzibika. Ndani ni nyuzi 20, nje ni chini ya sifuri, na tofauti hiyo ndiyo inayovuta joto litoke.

Dar hatuna tofauti hiyo. Chukua chumba chenye kiyoyozi kilichowekwa nyuzi 25 huku nje kukiwa nyuzi 31, na dirisha la kioo cha kawaida lenye mita 2 za mraba. Joto linalopenya kiooni kwa sababu ya zile nyuzi 6 ni takriban wati 70. Dirisha hilo hilo likitazama magharibi, jua la saa kumi jioni likalipiga moja kwa moja, linaweza kuingiza wati 1,000 hivi, yaani umewasha pasi ya umeme chumbani na kuiacha. Plastiki ang'avu inapunguza zile 70. Zile 1,000 zinapita kama kawaida, kwa sababu plastiki inayopitisha mwanga inapitisha na joto la jua.

Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza pesa. Jua likishavuka kioo hupiga kitanda, sakafu na pazia, navyo vikipata moto hutoa joto ambalo kioo hakiliruhusu kutoka kirahisi. Leo saa kumi jioni ingiza mkono kati ya pazia na dirisha la magharibi. Utakuta hewa ya moto imejazana pale, nayo imeshaingia nyumbani kwako, hivyo pazia zito linaichelewesha tu. Pazia lenye upande mweupe unaotazama kioo lina nafuu, kwa kuwa hurudisha nje sehemu ya mwanga kabla haujageuka joto. Lakini kinga ya kweli inakaa nje ya kioo.

Kinga gani? Inategemea dirisha linatazama wapi. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu tarehe 10 Oktoba. Juni huwa kaskazini mwetu, Desemba kusini, na mara zote saa sita mchana liko juu sana. Ukingo wa zege unaochomoza sentimita 60 juu ya dirisha la kaskazini hutupa kivuli cha takriban mita 1 mchana wa Juni. Upande wa kusini, mchana wa Desemba, kivuli hicho hukaribia mita 2. Pande hizo mbili fundi wako anazimaliza kwa ukingo huo tu.

Magharibi ni habari nyingine. Saa kumi na moja jioni jua limeshuka, na ukingo ule ule hautoi kivuli cha hata sentimita 30. Hapo kinatakiwa kitu cha kusimama mbele ya dirisha: mbao za kulaza zenye nafasi kati yake, matofali ya matundu, neti nyeusi ya kitalu iliyotandazwa kwenye fremu, au mmea wa pasheni uliopandishwa kwenye waya. Mwarobaini hufanya kazi nzuri, ila unahitaji miaka. Acha nafasi kati ya kinga na kioo, kama kiganja kimoja au viwili, ili joto linaloshikwa na kinga lipeperushwe na upepo.

Kwa mwenye kiyoyozi, hesabu inaonekana kwenye LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla. Kwa makadirio yetu, jua la alasiri la dirisha moja kama hilo linaweza kukigharimu kiyoyozi uniti moja kwa siku kulitoa. Vyumba vyenye madirisha mawili ya magharibi si adimu Tegeta wala Kimara.

Tinti je? Inasaidia, lakini zinatofautiana. Ile nyeusi ya bei nafuu hufyonza jua, kioo kikawa cha moto, na sehemu ya joto hilo ikarudi ndani. Chumba nacho kinakuwa giza, unawasha taa mchana. Ile inayong'aa kama kioo cha kujitazamia hurudisha jua nje vizuri zaidi, ila usiku ukiwasha taa ndani, wa nje wanakuona. Muulize fundi kama inafaa kioo chako, kwa sababu kioo kinachopata moto upande mmoja huku upande mwingine uko kivulini kinaweza kupasuka.

Asiye na kiyoyozi asibandike chochote kitakachoziba upepo. Dirisha la aluminiamu la kusukuma hufunguka nusu tu. Luva za vioo, ambazo siku hizi tunaziona za kizamani, hufunguka karibu zote. Kwa nyumba inayotegemea kaskazi na kusi kupoa, mimi ningechagua luva bila kusita. Na kama nyumba ni ya bati bila dari, anza na dari kabla ya kugusa dirisha.

Plastiki yenyewe isitupwe. Ndugu yako aliyeko Njombe au Makete, ambako usiku wa Juni na Julai baridi ni kali kweli, itamfaa. Lakini mpigie simu kwanza umweleze: chumba kilichozibwa kisiingizwe jiko la mkaa kamwe, hata kwa dakika chache za kuota moto. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na watu hulala wasiamke.

Mpangaji asiyeruhusiwa kugusa ukuta anaweza kutengeneza fremu ya mbao, akaikaza neti ya kitalu, na kuifunga kwa waya kwenye nondo za dirisha kama ziko upande wa nje. Ifunge pembe zote nne, kwa sababu upepo wa kusi ukiikuta imelegea utaing'oa, na ghorofani inaweza kumwangukia mtu. Ukihama, kata waya uondoke nayo.